Leni Huchaguliwa Kabla ya Kuingia: Somo la Mzunguko wa Barabara

Yeyote aliyefanya mtihani wa udereva nchini Kenya anaukumbuka ule ubao wa mji mdogo. Juu yake pamechorwa barabara, makutano na mzunguko. Mtahini anakupa kigari cha kuchezea na kukwambia ukitoe hapa ukipeleke pale, huku ukimweleza kila unachofanya. Wengi huanza kutokwa na jasho kigari kinapofika kwenye mzunguko. Wanaofaulu huwa wamekariri: leni ya kushoto, leni ya kulia, washa indiketa, mpishe anayetoka kulia.

Kisha leseni inatoka na ubao unasahauliwa. Siku moja dereva yuleyule anafika mzunguko wa City Mortuary saa moja asubuhi, magari yamebanana, na anaingia leni yoyote iliyo na nafasi. Akishakuwa ndani ndipo anaanza kujiuliza anatokea wapi.

Somo la toleo hili ni fupi: leni huchaguliwa nje ya mzunguko. Ukisubiri hadi uwe ndani, umechelewa.

Kwa nini somo hili ni la kila mkazi

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hawana gari. Tunafika kazini na shuleni kwa matatu, kwa bodaboda au kwa miguu. Lakini wengi wetu hupita pale Barabara ya Ngong inapokutana na Mbagathi Way, au pale Barabara ya Lang'ata inapofika Uwanja wa Nyayo. Takwimu za NTSA zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kundi kubwa zaidi la wanaofariki barabarani nchini ni waendao kwa miguu, na waendesha pikipiki na abiria wao pia ni wengi. Dereva akikata leni ghafla ndani ya mzunguko, gari lake huenda likapata mkwaruzo tu. Aliye kwenye pikipiki pembeni yake hana bodi ya chuma ya kumkinga.

Mzunguko unavyofanya kazi

Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo magari huzunguka kisiwa cha katikati kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Jirani zetu wa Tanzania huuita mzunguko "kipilefti", jina lililotokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Ni jina linalomkumbusha dereva aelekee upande gani.

Kanuni ya kwanza ni kwamba aliye ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki ya kupita. Wewe unayeingia unatazama kulia kwako, unapunguza mwendo, na kusimama ikibidi.

Kanuni hii ilitokana na tatizo tunalolijua vizuri Nairobi. Nchini Uingereza, mizunguko mingi ilikuwa ikijifunga wakati wa msongamano. Magari yaliyoingia yaliyazuia yaliyo ndani yasitoke, na kwa kuwa yaliyo ndani hayakutoka, hata wanaoingia hawakusonga. Novemba 1966 ikawa kanuni ya nchi nzima huko kwamba anayeingia ampishe aliye ndani. Kwa hivyo ukijisukuma ndani wakati hakuna nafasi ya kutokea upande wa pili, huwahi popote. Unaufunga mlango ambao wewe mwenyewe unataka kuutumia.

Leni ipi?

Tuchukue mzunguko wa City Mortuary kuwa mfano. Jiulize swali moja kabla hujafika: ninatoka kushoto, ninakwenda moja kwa moja, au ninapinda kulia?

Kushoto. Umetoka Kibera kwa Mbagathi Way na unaelekea Prestige, Adams Arcade au Kawangware. Shika leni ya kushoto mapema, washa indiketa ya kushoto, na ubaki leni hiyo hadi utoke.

Moja kwa moja. Umetoka Kawangware kupitia Barabara ya Ngong na unakwenda mjini. Shika leni ya kushoto, isipokuwa mishale iliyochorwa barabarani ikuruhusu kutumia nyingine. Usiwashe indiketa unapoingia. Ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto, kisha utoke.

Kulia. Umetoka Kibera kwa Mbagathi Way na unaelekea mjini, au umetoka upande wa Adams na unaingia Mbagathi Way. Shika leni ya kulia kabla ya kufika, washa indiketa ya kulia, na uzunguke karibu na kisiwa cha katikati. Ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, badilisha indiketa iwe ya kushoto, tazama kioo cha kushoto, geuza kichwa uangalie bega, kisha utoke.

Kurudi ulikotoka. Fuata utaratibu uleule wa kupinda kulia, ila unazunguka hadi barabara uliyoingilia.

Mishale iliyochorwa barabarani na vibao vya mahali hapo vina nguvu kuliko kanuni hii ya jumla. Ikiwa rangi imefutika, rudi kwenye kanuni.

Umekosea leni. Sasa je?

Hapa ndipo ajali nyingi za mzunguko huzaliwa. Dereva anagundua kwamba njia yake inampita, anaogopa kuikosa, anakata usukani. Kuna majibu mawili salama, kulingana na leni uliyomo.

Ukiwa leni ya ndani na umeshindwa kutoka kwa sababu kuna gari au pikipiki kushoto kwako, usikate. Zunguka mara nyingine. Mzunguko hauna mwisho, na njia yako itakuja tena.

Ukiwa leni ya nje na kumbe ulitaka kupinda kulia, usiendelee kuzunguka kwa leni hiyo, kwa sababu walio leni ya ndani wanatarajia kutoka mbele yako. Toka kwa njia ambayo leni yako inakupeleka, kisha utafute mahali panaporuhusiwa kugeuza huko mbele. Utapoteza dakika chache tu, na utafika.

Kwa mhudumu wa bodaboda

Pikipiki ni chombo cha barabarani kama gari, na kanuni za leni ni zilezile. Kujipenyeza kati ya leni mbili ndani ya mzunguko kunakuweka mahali ambapo dereva wa kushoto na wa kulia wote hawakutarajii.

Jihadhari zaidi na lori na basi refu. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ileile ya magurudumu ya mbele. Gari refu linapopinda kushoto kutoka kwenye mzunguko, sehemu ya nyuma husogea kuelekea ukingo wa barabara. Ile nafasi unayoiona kati ya lori na ukingo itazibika sekunde chache zijazo, nawe ukiwa ndani yake dereva hakuoni. Usiliingilie lori upande wa kushoto. Kaa nyuma yake hadi litoke.

Kwa dereva wa matatu, makanga na abiria

Matatu ikisimama kwenye mdomo wa njia ya kutokea, leni nzima nyuma yake husimama, na walio nyuma huanza kukata kuingia leni ya pili. Ajali inaweza kutokea mita ishirini nyuma ya matatu ambayo haikuguswa.

Abiria nao wana sehemu yao. Tunaposema "Shukisha hapo!" katikati ya mzunguko, tunamwomba dereva avunje sheria kwa niaba yetu, halafu tunashuka katikati ya magari yanayosonga. Tusubiri steji.

Kwa anayetembea

Usivuke kuelekea kisiwa cha katikati. Madereva walio ndani ya mzunguko wanatazama magari, si miguu. Vuka kwenye kivuko kilichowekwa, au pale palipo na kivuko cha juu, tumia hicho. Kama hakuna kivuko karibu, sogea mbali na mdomo wa mzunguko, mahali ambapo unaona gari na dereva anakuona. Kumbuka pia kwamba indiketa ni ahadi tu. Subiri uone gari limepunguza mwendo kabla hujaweka mguu barabarani. Kwa wazazi, mtoto ashikwe mkono upande ulio mbali na magari.

Afisa wa trafiki akiwepo

Asubuhi na jioni mizunguko yetu mingi huongozwa kwa mkono. Ishara ya afisa hutangulia alama za barabarani na haki ya aliye ndani. Akikusimamisha, simama, hata kama leni yako iko wazi. Hata hivyo afisa hukupa zamu tu. Hakuchagulii leni. Wakati wa kusubiri zamu ndio wakati mzuri wa kuhakikisha uko mahali panapofaa.

Jipime

1. Unatoka Barabara ya Lang'ata na kufika mzunguko wa Nyayo. Unaelekea katikati ya jiji kwa Uhuru Highway. Leni ipi?

2. Uko mahali hapohapo, lakini unaelekea Barabara ya Mombasa. Leni ipi, na indiketa gani?

3. Umo leni ya ndani, njia yako imefika, na kushoto kwako kuna bodaboda iliyobeba mwanafunzi. Utafanya nini?

4. Taa za njia unayotaka kutokea zimesimamisha magari, na foleni imefika hadi ndani ya mzunguko. Aliye nyuma yako anapiga honi. Je, uingie?

Majibu

1. Leni ya kushoto, indiketa ya kushoto. 2. Leni ya kulia, indiketa ya kulia unapoingia, kisha ya kushoto ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako. 3. Iache ipite. Ukikosa nafasi, zunguka tena. 4. Usiingie. Honi haikupi nafasi ya kutokea, na ukiingia utawafungia wanaokwenda njia nyingine.

Jioni hii, kabla ya safari ya kesho, chora mzunguko unaoupita kila siku kwenye karatasi. Weka njia zote za kutokea, kisha upitishe kidole kutoka kwako hadi uendako, ukitaja leni na indiketa kwa sauti, kama ulivyofanya mbele ya mtahini. Kama una kijana nyumbani anayejifunza kuendesha pikipiki, mkalishe kando yako naye achore wa kwake.