Namba ikiharibika, inua bendera

Tunduma malori hayaishi. Mfanyabiashara wa mahindi anataka kujua uzito wa lori akiwa bado ghalani, kabla halijafika mizani ya Mpemba, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Mimi huandika programu za mizani za magodauni. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM inasoma kihisi cha uzito, inaondoa usomaji wa sifuri, inagawanya kwa kigawanyo cha mizani, na kilo zinatokea kwenye skrini.

Kigawanyo kikipotea kwenye kumbukumbu na kusomeka sifuri, prosesa haisimami. Inatoa infiniti, au NaN (thamani isiyo namba) ikiwa ni sifuri kwa sifuri. Hapo pana hatari kubwa: ukiuliza kama NaN imezidi tani 56, jibu ni hapana. Onyo halilii, lori linaondoka.

Kiwango cha IEEE 754 cha 1985, ambacho William Kahan alikifanyia kazi kubwa, kilitoa dawa: bendera tano ndani ya prosesa. Kuna ya hesabu batili, kugawanya kwa sifuri, namba kuzidi kipimo, namba kuwa ndogo mno, na jibu lisilo kamili. Ikishainuka haishuki yenyewe, kwa hiyo unaweza kufanya hesabu elfu kisha ukakagua mara moja.

Katika C, weka fenv.h. Kabla ya hesabu ita feclearexcept(FE_ALL_EXCEPT). Baada yake kagua kwa fetestexcept(FE_INVALID | FE_DIVBYZERO | FE_OVERFLOW). FE_INEXACT iache, kwa sababu hata 1.0/3.0 huiinua. Kagua kwenye thredi ileile iliyopiga hesabu, kwa kuwa kila thredi ina bendera zake.

Kazi ngumu ni unapoandika funksheni yako mwenyewe ya ngazi ya chini. Wengi hutengeneza NaN kwa kupanga biti, 0x7ff8000000000000, na kuirudisha. Jibu ni sahihi lakini hakuna bendera iliyoinuka, na aliyeiita funksheni hana habari. Ita feraiseexcept(FE_INVALID) kabla ya kurudisha. Ukipendelea kuiinua kwa kugawanya 0.0 kwa 0.0, tumia vigeu vya volatile. La sivyo kompaila inaweza kumaliza hesabu hiyo mapema na prosesa isiione kamwe. Na -ffast-math usiiguse kwenye programu ya mizani, kwani inaiambia kompaila kwamba NaN haipo.

Pasipo maktaba, nenda kwenye rejista yenyewe. Kwenye ARM ya biti 64 ni FPSR: biti 0 ni hesabu batili, biti 1 ni kugawanya kwa sifuri. Isome kwa mrs, ongeza biti yako kwa OR, iandike kwa msr. Kwenye x86 ni MXCSR, na hapo tahadhari zaidi: thamani yake ya kawaida ni 0x1F80, yenye vizuizi vya mitego. Ukiifuta yote kuwa sifuri, mitego inafunguka, na 1.0/3.0 ya kwanza inaua programu kwa SIGFPE. Futa biti 0 hadi 5 tu.

Kabla hujaondoka ghalani, weka kigawanyo kuwa sifuri kwa makusudi. Skrini ikionyesha kilo zozote badala ya kosa, kazi haijaisha.