Moshi wa Gari la Dizeli na Maana Yake

Wako wenye magari ambao, taa ya onyo ikiwaka mbele yao, huiziba kwa kipande cha karatasi na kuendelea na safari. Wengine humwambia fundi akate chujio lililo katika bomba la moshi, wakidhani kwamba shida imekwisha. Somo letu la juma hili ni kuonyesha jinsi ya kutafuta kosa kwa utaratibu, ili mtu asipoteze fedha zake bure, wala asiwatilie jirani zake sumu vifuani.

Kwanza, tazama rangi ya moshi. Moshi mweusi maana yake ni kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa ya kuyateketeza. Usikimbilie kununua nozeli, kwa kuwa ni ghali. Anza na chujio la hewa, ambalo huziba upesi katika njia za vumbi. Likiwa safi, kagua mipira ipelekayo hewa kutoka tabo hadi injini. Mpira uliopasuka huvujisha hewa, na gari hupoteza nguvu na kutoa masizi. Ukiisha kuona kwamba hayo yote ni mazima, ndipo uzipime nozeli.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Huenda ringi za pistoni zimechakaa, au sili za valvu, au za tabo. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi, ukikoma upesi, si jambo la kutisha. Lakini usipokoma injini ikiwa na moto, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, yamkini gasketi ya kichwa cha injini imepasuka. Simamisha gari, wala usifungue rejeta mpaka ipoe.

Magari ya siku hizi yana vyombo vitatu zaidi vya kusafisha moshi, na yafaa kuvijua.

1. Valvu ya kurudisha moshi. Hii hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako, kwa sababu joto kali mno huzaa gesi za naitrojeni zenye sumu. Masizi yakiigandisha ikiwa wazi, injini hukosa hewa na kutoa moshi mweusi. Mara nyingi kuifungua na kuisafisha kwatosha.

2. Chujio la masizi. Hili hunasa masizi, kisha kompyuta ya gari huliongezea joto hadi kadiri ya digrii 600 za sentigredi ili yateketee. Gari la safari fupi fupi za mjini halipati nafasi ya kuyachoma, na chujio huziba. Taa yake ikiwaka, soma kitabu cha gari. Kikiruhusu, endesha katika barabara kuu bila kusimama kwa muda wa dakika 20 hivi, wala usiegeshe penye majani makavu, kwani yaweza kushika moto. Taa isipozimika, mwambie fundi apime kwanza sensa ya shinikizo na mipira yake midogo. Mpira uliotoboka huidanganya kompyuta, na mwenye gari hununua chujio jipya bila sababu. Tazama pia kijiti cha oili. Oili ikiwa imezidi na yanuka dizeli, mafuta yameingia humo. Badilisha upesi, nawe utumie oili ya majivu machache iliyotajwa katika kitabu.

3. Maji ya yurea. Malori mengi mapya hunyunyiza maji haya katika moshi ili kuziondoa gesi za naitrojeni. Ndani yake mna yurea asilimia 32.5, na yaliyobaki ni maji safi yasiyo na madini. Wakulima waijua yurea kwa ajili ya mbolea, lakini mtu asijaribu kukoroga mbolea ya shambani, kwa maana uchafu wake huharibu chombo kizima. Kadhalika, angalia usitie dizeli katika tangi la yurea, wala yurea katika tangi la dizeli.

Fundi akisoma namba za makosa kwa mashine, aziandike zote kabla ya kuzifuta. Namba hutaja mahali palipo na malalamiko. Haimtaji mwenye kosa. Tena, nunua dizeli mahali panapoaminika. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwa mojawapo, zilianza kutaka salfa ndani ya dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni, na mafuta machafu yaweza kuirudisha nyuma kazi hiyo njema.

Mwisho, kuhusu kukata chujio. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Chujio likikatwa, masizi hayakomi kutoka. Huwaendea mtoto asimamaye kando ya njia na mama auzaye ndizi kituoni. Na gari likiwa gerejini, usiache injini ikinguruma milango imefungwa, kwani moshi wake waweza kuua.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Taa ndogo ikiangaliwa leo huenda ikahitaji mpira mmoja tu. Ikipuuzwa, yaweza kudai injini nzima.