Wakili na Mwenye Shauri

Somo kwa washarika na waalimu

Wapendwa, mashauri ni mengi katika nchi yetu ya Tanzania, na mengi kati yake ni ya ardhi. Ndugu wa tumbo moja wagombania shamba. Mjane aambiwa ahame. Kiwanja kimoja chauzwa mara mbili. Mtu apatwapo na jambo la namna hii, watu humwambia, "Tafuta wakili." Neno ni jema, lakini halimwonyeshi amtafute wakili wa namna gani, wala atembee naye jinsi gani mpaka mwisho. Wako waliopoteza mashamba hali wana haki. Sheria haikuwakataa; bali walimkabidhi mtu asiye wakili fedha zao na hati zao, au walikaa kimya mpaka siku za rufani zikapita. Kwa hiyo yatupasa kujifunza jambo hili kwa utaratibu.

Neno kuu la somo hili ni fupi: Wakili husema kwa ajili yako, lakini shauri hubaki lako.

Na tuchukue mfano mmoja. Yuko mjane mwenye shamba la migomba na kahawa, alilolilima pamoja na marehemu mumewe miaka 20. Sasa shemeji yake amemwuzia mgeni kipande cha shamba hilo, na mgeni amekwisha kupanda mipaka yake. Mama huyu afanye nini?

1. Kwanza atafute mapatano

Bwana wetu atufundisha kupatana upesi na mshitaki tungali njiani pamoja naye (Mat. 5,25), na Paulo awaonya Wakorintho waliokimbilia mabaraza kabla ya kutafuta mwenye hekima kati yao (1 Kor. 6). Sheria ya nchi nayo yafuata njia hiyo katika mambo ya ardhi. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halikati tena shauri la ardhi, bali husuluhisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la kugombania ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Au, kama siku 30 zimepita bila mapatano, mdai aweza kuendelea mbele. Katika Baraza la Kata wakili haruhusiwi kusimama kwa kazi yake ya uwakili. Basi mjane wetu ataingia mwenyewe, na majirani waijuao mipaka ya zamani watakuwa mashahidi wake. Wakipatana, maneno yao yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, maana neno la mdomo husahauliwa upesi.

Lakini wazee wa kanisa wajihadhari na mambo mawili. La kwanza: kumwambia mnyonge anyamaze ili pasiwe na kelele si kupatanisha. Huko ni kumsaidia aliyenyang'anya. La pili: siku za sheria hazisimami kwa sababu wazee wangali wakikutana. Mtu anayedai ardhi amepewa miaka 12, naye anayedai kwa mkataba miaka 6. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila haki anazo siku 30 tu za kupeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mzee ampatanishaye mtu amwulize kwanza: "Siku zako zimebaki ngapi?"

2. Wakili ni nani?

Si kila aliyesoma sheria ni wakili. Mtu akiisha kupata shahada ya sheria, hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kisha hukubaliwa na Jaji Mkuu, na jina lake huandikwa katika daftari la mawakili litunzwalo na Mahakama Kuu. Tena kila mwaka hana budi kuwa na leseni mpya ya kazi. Mawakili wote wa Tanzania Bara ni washiriki wa Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichowekwa mwaka 1954.

Pamoja na hao wako wale ambao watu huwaita vishoka. Kishoka hukaa karibu na mlango wa mahakama, amevaa koti zuri, ameshika faili kwapani. Humwambia mwanakijiji kwamba awajua makarani wote, na kwamba bei yake ni nafuu kuliko ya wakili. Humwandikia karatasi isiyo na jina la mwandishi, hupokea fedha bila kutoa hati, na siku ya shauri haonekani. Mwenye kupatwa na hasara ni yule mwanakijiji: karatasi zake hukataliwa, na siku zake zimekwisha.

Sheria ya Mawakili yakataza mtu asiye na sifa kuandika hati za kisheria kwa malipo, nayo yaagiza kwamba hati iandikwayo iwe na jina na anwani ya aliyeiandika. Basi hizi ni alama mbili za kumtambua wakili: akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu, na aandike jina lake chini ya kila hati aliyoitunga. Ukiwa na mashaka, uliza katika ofisi ya mahakama au ya Chama cha Mawakili. Na siku hizi kijana mwenye simu aweza kulitafuta jina hilo katika mtandao wa Mahakama. Wakili wa kweli haoni haya kuulizwa, wala haoni kuwa ni matusi.

3. Jinsi ya kumchagua

Usichague kwa ukubwa wa sauti yake, wala kwa kuwa ni mtu wa ukoo wako. Mwulize maneno haya matano:

Umezoea mashauri ya ardhi, au kazi yako hasa ni ya namna nyingine? Je, wewe mwenyewe utasimama barazani, au utamtuma mwingine? Umewahi kumtumikia mwenzangu katika jambo hili, au kuandika hati ile ya mauzo? Unaona nguvu za shauri langu ziko wapi, na udhaifu wake uko wapi? Gharama zote zaweza kufika kiasi gani?

Swali la tatu ni la maana sana, kwa sababu wakili hawezi kutumikia pande mbili zinazogombana. Na swali la nne hupima unyofu wake. Mjane wetu akienda kwa wakili mwaminifu, labda atasikia neno asilolitazamia: "Mama, kama shamba lilikuwa la marehemu, aliulizwaye kwanza ni msimamizi wa mirathi. Je, mahakama imekwisha kumweka?" Kwa maana mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi aliyewekwa na mahakama, na wengi wameshindwa kwa sababu hawakulijua jambo hili tangu mwanzo. Neno kama hilo halipendezi masikio, lakini laokoa shamba. Bali yeye asemaye, "Usiogope, tumekwisha shinda," hana ajualo, kwa kuwa hukumu haimo mkononi mwake.

Na akisema ataka fedha "za kumwona hakimu", ondoka hapo upesi. Hiyo ni rushwa. Kwa sheria ya mwaka 2007 atoaye na apokeaye wote wawili wana hatia.

4. Malipo

Patana juu ya malipo kabla ya kazi kuanza, na mapatano yaandikwe: atalipwa kiasi gani, kwa mafungu mangapi, kwa kazi ipi, na nani atalipa nauli. Ujira wa wakili ni kitu kimoja, na ada ya mahakama ni kitu kingine. Ada ya mahakama ni ya Serikali, nayo hulipwa kwa namba maalum itolewayo, kwa benki au kwa simu; haipitii mfukoni mwa mtu. Kila shilingi itokayo, iwe na stakabadhi yake.

Tena mtu akadirie gharama kabla ya kushitaki, kama ajengaye mnara apigavyo hesabu kwanza (Luka 14,28). Kwa kawaida ashindwaye huamriwa kulipa gharama za mwenzake. Wako waliouza ng'ombe watatu kwa kudai thamani ya mbuzi mmoja.

5. Mwambie wakili kweli yote

Hapa wengi huanguka. Mtu humwambia wakili yale yanayompendeza, na yale yanayomtia haya huyaficha. Mjane wetu huenda alitia kidole gumba katika karatasi aliyoletewa na shemeji yake, asijue maana yake. Akiificha habari hiyo, wakili ataisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa adui mbele ya baraza, hana jibu. Akiisema mapema, wakili ataweza kuuliza: Nani alimsomea karatasi hiyo? Ilikuwa kwa lugha gani? Nani alikuwapo? Mithali yatufundisha kwamba asemaye kwanza huonekana kuwa na haki, mpaka mwenzake aje kumhoji (Mith. 18,17). Basi wakili wako akuhoji kwanza, kabla hujahojiwa na mwenzako.

Wala usiogope kwamba siri yako itatangazwa. Sheria ya Ushahidi yamkataza wakili kuyatoa maneno aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo, isipokuwa kwa ruhusa ya mteja. Lakini siri hii haimfuniki mtu atakaye msaada ili atende uovu. Usimwombe wakili atunge shahidi wa uongo au abadili tarehe ya hati. Amri ya nane haikomi mlangoni mwa baraza.

6. Tembea naye mpaka mwisho

Mjane wetu amempata wakili. Je, sasa akae nyumbani angoje? La. Na afanye mambo haya:

Hati za asili azitunze mwenyewe mahali pakavu, ampe wakili nakala. Ikilazimu kutoa ya asili, aandikiwe kwamba imepokelewa.

Awe na daftari. Ndani yake aandike kila tarehe ya shauri, lililosemwa siku hiyo, fedha alizolipa, na tarehe inayofuata. Kama hajui kuandika, mwanawe au mwalimu wa mtaa amwandikie.

Ahudhurie mwenyewe kila siku ya shauri, ijapokuwa wakili yupo. Asipoelewa, aulize. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, asione haya kusema, "Nisomee, nieleze."

Mwenzake akileta neno la mapatano, wakili amwambie, naye mjane ndiye aamue. Wakili atashauri, lakini shamba si lake.

Siku ya hukumu isiwe siku ya kulia tu au kushangilia tu. Hapo hapo aombe nakala ya hukumu, na ahesabu siku. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Rufani ni haki. Hata Paulo alipoona hukumu yapotoshwa alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25). Lakini haki hiyo ina mlango ufungwao, na kuufungua tena ni kazi ngumu.

7. Asiye na fedha

Maskini asidhani kwamba amefungiwa nje. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yaagiza kwamba msaada huo utolewe bure kwa wasio na uwezo. Katika wilaya nyingi wako wasaidizi wa kisheria walioandikishwa. Kazi yao ni kufundisha na kuelekeza. Hawasimami mahakamani kama mawakili. Wako pia Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tena si kila shauri lahitaji wakili. Katika Mahakama ya Mwanzo, kwa mashauri ya madai, mtu aweza kuomba ndugu yake au mtu wa nyumbani mwake amsemee, hakimu akiruhusu. Hata mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba mtu aweza kusimama mwenyewe, au pamoja na ndugu yake.

8. Wakili akikosa

Wakili naye ni mwanadamu. Akikawia bila sababu, mwandikie barua ya upole ukitunza nakala. Asipojibu, waweza kumwacha na kutafuta mwingine, ukilipa iliyo haki yake na kuzidai karatasi zako. Akiwa amekula fedha zako au amekudanganya, peleka malalamiko kwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumwonya, kumsimamisha kazi, au kuliondoa jina lake katika daftari. Lakini usimshitaki kwa sababu ulishindwa tu. Kushindwa si ushahidi wa udanganyifu.

Wapendwa, mnyonge asiye na wa kumsemea ni wetu sote. Mwalimu wa mtaa hawezi kuwa wakili wake, wala asijaribu. Lakini aweza kumsomea barua, kumhesabia siku, kumwonyesha alama za wakili wa kweli, na kufuatana naye mpaka mlango wa baraza. Kazi hiyo ni ndogo, nayo yaweza kuokoa shamba la watoto yatima.

Maswali ya kuulizana katika mkutano

1. Kuna tofauti gani kati ya mapatano ya haki na kumnyamazisha mnyonge?
2. Tutamtambuaje wakili wa kweli, na kishoka ni mtu wa namna gani?
3. Kwa nini yafaa kumwambia wakili hata neno lile linalotutia haya?
4. Rufani ya shauri la ardhi kutoka baraza la wilaya ina siku ngapi, na nani katika mtaa wetu atamsaidia mjane kuzihesabu?