SOMO: YOHANA MBATIZAJI, MTANGULIZI WA BWANA
Masomo: Isaya 40:1-5, Luka 3:1-20, Mathayo 11:2-11



Zamani mfalme aliposafiri, watu walitangulia mbele kusawazisha barabara na kutangaza kwamba anakuja. Hiyo ndiyo kazi ya mtangulizi. Yeye si mfalme, na mfalme akifika kazi yake imekwisha.

Injili zote nne zinamwonyesha Yohana kuwa ile sauti ya nyikani katika Isaya 40. Tukumbuke sura ile ilielekezwa kwa nani kwanza. Ni Wayahudi waliohamishiwa Babeli baada ya Yerusalemu kuangushwa, mwaka 586 hivi kabla ya Kristo. Walikaa ugenini hata wakazaa watoto wasioijua nchi ya babu zao. Basi neno la mtangulizi lilianza kama faraja kwa watu waliopoteza makwao.

Lakini Yohana hakutaja tarehe ya Warumi kuondoka. Watu walipomwuliza wafanye nini, aliwajibu mambo ya kila siku: mwenye nguo mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula vilevile. Watoza ushuru wasizidishe kiwango. Askari wasimnyang'anye mtu wala kumsingizia, bali waridhike na malipo yao. Sisi tuliopita kwenye vizuizi vya barabarani tunajua uzito wa neno hilo la mwisho. Na lile la chakula linatuhusu hata siku mgao unapopungua.

Siku hizi wanatujia watu wanaojiita manabii watangulizi. Mmoja anataja mwezi ambao vita vitakwisha, mwingine anadai sadaka ya pekee ili jina lako litokee kwenye orodha ya kwenda ng'ambo. Hatusemi Mungu ameacha kusema na watu wake. Tunasema wapimwe kwa Yohana. Makuhani walipomwuliza yeye ni nani, alikana wazi kwamba si Kristo. Wanafunzi wake waliponung'unika kwamba wote wanamwendea Yesu, yeye alifurahi (Yohana 3:26-30). Mtu anayekufunga kwake, usiweze kwenda kwa Bwana bila kupitia kwake, huyo si mtangulizi.

Tena Yohana hakupata faida. Herode Antipa alimtia gerezani kwa kuwa alimkemea juu ya Herodia, mke wa ndugu yake. Mwandishi Myahudi Josefo anaeleza kwamba aliuawa katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Akiwa kifungoni alituma watu kumwuliza Yesu kama ndiye, au wamtazamie mwingine. Wako wahubiri wanaosema aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake tu. Sisi hatuoni haja ya kumfichia swali lake. Yesu hakumkaripia. Alimpelekea habari za vipofu wanaoona, viwete wanaotembea na maskini wanaoletewa habari njema. Isaya 61 inataja pia wafungwa kufunguliwa, lakini katika jibu lile jambo hilo halimo. Ndipo Yesu akamsifu Yohana mbele ya makutano kuliko nabii yeyote.

Katika sala za nyumba kwa nyumba wiki hii, tusome Mathayo 11:2-6 polepole. Kisha kila mmoja aseme swali ambalo angemtumia Yesu kutoka hapa tulipo. Wazazi wawaache na watoto waseme lao.