Miche ya nyanya inalala

*Nipo Kibosho. Mwezi huu wa Februari nimesia nyanya kwenye trei ndani ya nyumba, nihamishe masika yakianza. Ziliota vizuri, sasa miche inanywea shingoni na kulala. Mbegu mbovu? – Mama R.*

Mama, usiilaumu mbegu. Huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo uliolowa na miche iliyosongamana. Baridi ya usiku huko juu mlimani huuongezea nguvu. Iliyolala haiponi, ing'oe na udongo wake. Iliyobaki ipunguze, isogeze penye jua na hewa, mwagilia asubuhi tu, udongo wa juu ukikauka. Ukisia upya, osha trei, tumia udongo mpya wenye mchanga. Samadi mbichi hapana. Ikilala tena, mpelekee afisa ugani wa kata mche mzima uliougua.