Busha Lisiloandikwa Halina Fungu

Mabusha si ugonjwa mgeni katika pwani ya Lindi. Hayaletwi na kunywa madafu, kama wengi wanavyodhani, bali na minyoo wadogo wanaoenezwa na mbu.

Kingatiba dhidi ya minyoo hao, yaani albendazo na ivermektini, hutolewa bure kwa sababu watengenezaji wake, kampuni za GSK na Merck, wamezitoa kama msaada. Hata hivyo, kingatiba huzuia maambukizi tu. Haiondoi busha lililokwisha kujaa. Hilo huondolewa kwa upasuaji, nao huhitaji daktari aliyefunzwa, chumba cha upasuaji, dawa ya ganzi, nyuzi na glavu. Vyote hivyo vina gharama.

Je, fedha zake hutoka wapi? Hutoka katika ruzuku ya Serikali Kuu, Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, mapato ya ndani ya halmashauri, bima, na malipo ya wagonjwa. Matumizi yake hupangwa kila mwaka katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Zahanati na vituo vya afya navyo huandaa mipango yao, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja huingia moja kwa moja katika akaunti zao.

Mipango hiyo hujengwa juu ya hesabu. Kijiji chenye wagonjwa 20, ambacho daftari la zahanati linaonyesha 3, kitapangiwa huduma ya watu 3. Anayeficha busha kwa aibu hujinyima tiba, na huwapunguzia fungu wenzake pia.

Mwananchi afanye nini basi?

Kwanza, mwenye busha afike zahanati aandikwe. Kutoka hapo hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, mjini Lindi.

Pili, wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo waulizwe: upasuaji wa mabusha umeombewa fedha katika mpango wa mwaka ujao?

Tatu, swali hilo lifikishwe katika mkutano mkuu wa kijiji mapema, kabla mpango haujafungwa. Bajeti ikishapitishwa, mgonjwa aliyesahauliwa husubiri mwaka mzima.