SOMO: Kukata picha ya video inayorushwa moja kwa moja

Hapa Lubumbashi tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga. Aliyewahi kufukuzwa ana haki ya kuuliza nani ataona uso wake. Basi, kabla ya kurusha mkutano wa upatanisho, tuombe ruhusa ya kila mmoja.

Katika programu ya OBS Studio kuna kazi mbili tusizichanganye:

1. Kubadili ukubwa. Vuta pembe ya picha kwa kipanya. Picha inakuwa ndogo, lakini watu wote bado wanaonekana.

2. Kukata. Shikilia kitufe cha Alt, kisha vuta ukingo kuelekea ndani. Sehemu iliyokatwa haiwafikii watazamaji. Picha yenye upana wa pikseli 1920 ikikatwa 480 kushoto, inabaki 1440.

Tufunge kamera imara: ikisogezwa, aliyefichwa anaweza kuonekana. Tukumbuke pia kwamba sauti haikatwi, akisema, atasikika.

Tujadiliane: Je, tunakata ili kumlinda mtu, au kumwondoa tusiyekubaliana naye?